Kutoka Lami Hadi Mchangani: Maswali ya Waendesha Resa wa Malindi Wanaohamia Mauntini

Maswali haya nimeyakusanya kidogo kidogo. Mengine huulizwa tukipumzika na madafu baada ya mzunguko wa Jumapili, mengine hupigiwa simu usiku na mtu aliyekwisha lipa pesa na sasa anataka kuambiwa hakukosea. Humu "resa" ni baiskeli ya lami, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. "Mauntini" ni ile ya tairi pana zenye meno na usukani ulionyooka.

## Kabla hujatoa pesa

Malindi haina mlima. Mauntini ya nini?

Hili huja la kwanza kila mara, na huulizwa kwa kicheko. Ni kweli kwamba kutoka Barani hadi Ganda hupandi kitu cha kukutoa jasho. Lakini jina lisikupoteze. Walioanzisha mchezo huu kule California, kwenye Mlima Tamalpais, miaka ya 1970, walikuwa vijana wenye baiskeli kuukuu za tairi nene wakishuka barabara za vumbi. Shindano lao lilianza mwaka 1976, likaitwa Repack, kwa sababu breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume ilipata moto hadi grisi ikateketea, na kila baada ya mteremko ikabidi wafungue habu (kitovu cha gurudumu) waijaze upya. Mlima walikuwa nao, lakini kilichouzaa mchezo ni tairi pana kwenye ardhi isiyo lami.

Ardhi hiyo sisi tunayo tele. Acha lami popote, nenda nusu kilomita, utakuta mchanga mweupe, udongo mwekundu wa Magarini, mwamba wa matumbawe unaokata tairi kama kisu, na penye bonde, tope jeusi. Na ukitaka miinuko, nenda Langobaya au Marafa kisha urudi uniambie kama bado unacheka.

Watu wa lami wanahama kwa nini?

Kila mtu na lake. Wengi wamechoshwa na barabara ya Mombasa: matatu inakupita umbali wa kiwiko, lori linakusukuma kwenye changarawe za ukingoni. Wengine ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma, na ukitoka Malindi kwenda Gede unaupokea usoni mwendo wote. Kwenye vijia vya mashambani, mikorosho na miembe inakukinga.

Mimi nilihama kwa aibu. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne, kwa baiskeli ya breki moja, alinipita kwenye kijia cha mchanga huku mimi nikisukuma resa yangu ya bei ya ng'ombe.

Pumzi na miguu yangu ya lami itanifaa?

Pumzi, ndiyo, siku ya kwanza. Miguu, nusu. Kwenye lami unakanyaga kwa mwendo mmoja saa nzima. Huku unakanyaga kwa nguvu sekunde ishirini, unaacha, unasimama juu ya pedali, unakanyaga tena. Kitakachokuuma ni mgongo wa chini, mabega na viganja, viungo ambavyo resa ilivilaza usingizi.

Na usihesabu kwa kilomita. Aliyezoea kilomita 28 kwa saa atajikuta kwenye 13 na kudhani anaumwa. Hesabu saa. Saa mbili za mchanga ni saa mbili za kazi, hata kama kifaa kwenye usukani kinaonyesha umefika tu Kakoneni.

Nikihama, ufundi wangu wa lami utapotea?

Utaongezeka. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alilelewa kimchezo na David Kinjah kwenye vijia vya mji wa Kikuyu kwa mauntini, kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Cadel Evans, bingwa wa mwaka 2011, alitokea mauntini. Tom Pidcock ana dhahabu mbili za Olimpiki za mauntini, Tokyo na Paris, na bado hushindana lami na wakubwa. Aliyejua kuacha gurudumu liteleze bila kuingiwa na hofu, hatishiki na mchanga uliomwagika kwenye kona ya lami.

## Kuchagua baiskeli

Siwezi kuvisha resa yangu tairi pana tu?

Mara nyingi huwezi. Gurudumu la resa ya kawaida na la mauntini ya inchi 29 yana kipenyo kimoja pale tairi linapokaa kwenye rimu, milimita 622, kwa hiyo watu hudhani ni suala la kubadilishana. Tatizo ni nafasi. Fremu na foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) za resa nyingi zinameza tairi la milimita 28, za kisasa 32 au zaidi kidogo. Tairi la mauntini lina inchi 2.2, yaani milimita 56. Halipiti hata ukilisihi.

Kama resa yako ina breki za diski na inapokea milimita 35 au 40, hapo una ile ya kati wanayoiita graveli. Inafaa sana barabara pana za murram, na ndiyo inayoendeshwa katika mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu 2021. Kwa mchanga wa Malindi, bado ni nyembamba.

Shoki ya mbele tu, au mbele na nyuma?

Mbele tu. Najua kuna atakayenibishia, na nimeshabishana naye. Shoki ya nyuma ni nzuri pale penye mizizi na mawe makubwa kwa kasi. Kwetu adui ni mchanga na chumvi. Shoki ya nyuma inaongeza uzito, inaongeza beringi za kuliwa na chumvi, na siku ikivuja utaisafirisha Mombasa au Nairobi. Fremu ngumu yenye shoki ya mbele ya milimita 100 hadi 120 inatosha kila njia niliyoitaja humu.

Shoki ya upepo iwekwe kwa uzito wako. Ukikaa kwenye baiskeli ukiwa umevaa kamili, izame kama robo ya urefu wake wa kucheza. Isipozama kabisa, umebeba chuma cha bure.

Gurudumu la 26, 27.5 au 29?

Kama unanunua mpya na una kimo cha kawaida, 29. Gurudumu kubwa halizami upesi mchangani na hupanda juu ya shimo badala ya kutumbukia. Mtu mfupi, au kijana, atajisikia vizuri zaidi kwenye 27.5. Ile ya 26 imeachwa na watengenezaji wa baiskeli ghali, lakini ina fadhila yake: tyubu na tairi za 26 utazipata hata duka la Marafa linalouza misumari na chumvi. Nikiwa mbali na nyumbani, fadhila hiyo si ndogo.

Gia mbona chache? Mbele kuna sproketi moja tu.

Ndivyo zilivyo za sasa. Resa ina mbili mbele, mathalani meno 50 na 34. Mauntini ya kisasa ina moja, mara nyingi ya meno 32, na nyuma kaseti kubwa, yaani rundo la sproketi, inayofika meno 50 au 51. Unapoteza kasi ya juu kwenye lami, unapata gia nyepesi ya kutambaa mchangani, na cheni haidondoki ovyo. Baiskeli ya zamani yenye tatu mbele si mbaya. Ila kibadilishaji cha mbele ni mahali pengine pa mchanga kuingia.

Nanunua ya mtumba. Niangalie nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi walipolia, nami nimo. Yangu ya kwanza niliuziwa ikiwa imepigwa rangi mpya inayong'aa. Mwezi wa pili rangi ilipasuka chini ya shingo ya fremu, na chini ya rangi palikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi. Aliyeniuzia simu yake haikushika tena.

Anza na fremu. Igeuze miguu juu, upitishe kucha kwenye kila kiungio, hasa shingo na pale krenki (mikono ya pedali) zinapopita. Rangi mpya kwenye baiskeli kuukuu ni swali, si pambo. Kisha vuta nguzo ya kiti. Baiskeli iliyokaa pwani au iliyosafiri na meli mara nyingi nguzo yake imegandana na fremu kwa chumvi, na muuzaji atakwambia "iko sawa kwa urefu wako huo huo, ndugu yangu." Kama haitoki, usinunue.

Tazama nguzo mbili zinazong'aa za shoki ya mbele. Ziwe laini. Vipele vya kutu pale ndivyo vinavyokata sili (mpira wa kuzuia mafuta), mafuta yakatoka. Shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kugonga, aidha beringi za shingo zimelegea au shoki imekwisha. Shika kila gurudumu kwa juu ulitikise kando, likicheza, habu.

Cheni ipime kwa rula. Pande kumi na mbili kamili, kila moja ikiwa pande la ndani na la nje, zinatakiwa kuwa inchi 12. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Zikizidi kwa moja ya nane, na kaseti imeliwa pia, kwa hiyo toa gharama yake kwenye bei.

Mwisho, breki. Hilo lina swali lake.

Breki za baiskeli hii zimepinduliwa, au ni mimi?

Inawezekana ni baiskeli. Kwetu, kama Uingereza, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Baiskeli nyingi zinazotoka Ujerumani au Uholanzi huja na ya mbele kushoto. Kwenye lami utagundua taratibu. Kwenye mteremko wa Marafa utagundua ukiwa hewani. Kabla ya safari ya kwanza, inua gurudumu la mbele, lizungushe, ubane lever moja moja. Kubadilisha breki za waya ni kazi ya dakika ishirini kwa fundi yeyote. Za mafuta zinahitaji fundi anayejua kutoa hewa ndani ya bomba.

Na kuhusu mafuta hayo: kuna breki za mafuta ya madini, Shimano ni mojawapo, na kuna za mafuta ya DOT kama ya gari. Hayachanganywi. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, sili zinavimba na breki imekufa.

## Tairi na upepo

Nijaze upepo kiasi gani?

Nusu ya unavyofikiri, kisha punguza. Mtu wa resa amezoea psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 80 hadi 100, na kidole gumba chake kimefundishwa kuona tairi laini ni ugonjwa. Fundi wa mtaani naye, kwa wema wake, atakujazia tairi la mauntini hadi liwe kama jiwe. Mshukuru, kisha ukipiga kona utoe.

Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.25 lenye tyubu, naanzia 26 mbele na 29 nyuma. Bila tyubu, 21 na 24. Kwenye mchanga mrefu nashusha hadi 16 au 18, tairi linalala na kutandaza kama unyayo wa ngamia. Ukirudi penye mwamba wa matumbawe, jaza tena, la sivyo rimu italibana tyubu juu ya jiwe na kutoboa matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Kwa hiyo pampu ndogo si ya dharura tu. Ni chombo cha kila safari.

Mbigili wananimaliza. Nifanyeje?

Mbigili ndiye mwenyeji wa njia zote za kandokando ya Malindi, na miba ya migunga kuelekea bara ni mirefu kuliko tairi lilivyo nene. Nilikwisha kupata pancha saba siku moja kati ya Ganda na Langobaya. Ya saba niliziba kwa kipande cha tyubu ya pikipiki, maana viraka vyangu vilikwisha.

Dawa ni tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba ndani. Mwiba ukiingia, maji yanakimbilia tundu na kuganda. Unahitaji rimu inayokubali, utepe wa kuziba matundu ya spoki, na vali yake. Joto letu huyakausha maji haya haraka, kwa hiyo kila miezi miwili fungua uangalie. Ukisahau, utakuwa na tairi lenye utando mkavu kama maziwa yaliyosahauliwa sufuriani.

Kama rimu yako haikubali, tia maji hayo hayo ndani ya tyubu yenye vali inayofunguka. Si kamili, lakini pancha saba zitakuwa mbili. Na ukiuona mwiba umesimama kwenye tairi lisilovuja, usiung'oe njiani. Ungoje nyumbani.

## Kuendesha

Kila nikiingia mchangani naanguka. Nakosea wapi?

Unashindana nao. Mtu wa resa akiona gurudumu la mbele linayumba, hukaza mikono na kulirekebisha. Mchangani, ukirekebisha gurudumu linajikunja, na wewe unatua kwa bega. Mimi nilitua hivyo mbele ya akina mama waliokuwa wakiuza maembe, mmoja akasema "Pole baba," mwingine akacheka hadi akaketi.

Badilisha gia kabla ya kuingia, si ndani, kwa sababu ukiwa ndani hakuna nafasi ya kupumzisha cheni. Ingia na kasi. Rudisha uzito nyuma kidogo ili gurudumu la mbele lielee. Shika usukani kama umeshika kifaranga, uliache gurudumu litafute njia yake sentimita chache huku na kule. Elekeza kwa nyonga. Miguu izunguke haraka na bila kushtuka. Ukisimama juu ya pedali na kukanyaga kwa hasira, gurudumu la nyuma linachimba kisima. Breki ya mbele usiiguse kabisa.

Tazama mbali, mita kumi na tano mbele, uchague mstari. Ukingo wenye nyasi ni mgumu kuliko katikati. Alama ya tairi la pikipiki mara nyingi imeshindilia. Alfajiri, umande ukiwa bado, mchanga ule ule uliokuangusha jana saa sita mchana unapitika. Baada ya manyunyu ni karibu lami.

Yote hayo hayafai kitu kama tairi lina psi 50. Rudi kwenye swali la upepo.

Nikae vipi kwenye mteremko na mashimo?

Usikae. Simama juu ya pedali, zote mbili zikiwa usawa kama mizani, magoti na viwiko vimelegea, viwiko vimetoka nje. Baiskeli icheze chini yako. Kiti kishushe sentimita tano au zaidi kabla ya mteremko, kwa kuwa kiti kilichopandishwa kimo cha resa kitakupiga matakoni na kukurusha mbele. Kuna nguzo za kiti zinazoshuka kwa kubonyeza kitufe. Ni raha, ni ghali, na mchanga unazipenda.

Utahisi pia kwamba usukani ni mpana mno, sentimita 72 hadi 78, na baiskeli inageuka polepole. Foki yake imelala mbele kuliko ya resa, ndiyo maana inatulia ikishuka na kuzubaa ikipanda. Wiki ya tatu utaona resa yako ndiyo iliyo na wasiwasi.

Breki za diski zinanirusha. Nizitumieje?

Kidole kimoja, cha shahada, kila upande. Vingine vishike usukani. Breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha, lakini ifanye kazi hiyo ukiwa umenyooka, kabla ya kona. Ndani ya kona iachilie. Zoea kwenye uwanja wa mpira kabla ya kupeleka ubishi njiani.

Viganja vinakufa ganzi. Ni ugonjwa?

Umeshika kwa nguvu mno, au kiti kimeinamia mbele. Legeza, sawazisha kiti. Ganzi ikiendelea wiki mbili, mwone daktari.

Pedali za kunasa nilizozoea?

Ziache nyumbani mwezi wa kwanza. Pedali bapa zenye meno, na viatu vya soli laini, zitakufundisha kukanyaga kweli na kukuruhusu kutua mguu mchangani. Baadaye, upendavyo. Mchanga mlaini huingia kwenye kinasio, na siku utakayotaka kutoka haraka ndiyo siku hakitoki.

## Wapi pa kwenda

Njia gani ya kuanzia?

Upande wa Ganda. Fuata barabara ya kwenda Sala Gate, uache lami uingie vijia vya mashamba ya minazi na mikorosho. Kuna mchanganyiko wa yote kwa dozi ndogo, na ukichoka boda boda haiko mbali. Saa moja na nusu inatosha.

Ukishazoea, vuka daraja la Sabaki, pitia Mambrui na Marikebuni hadi Marafa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 60, kwa hiyo toka kabla ya jua. Marafa kuna Nyari, lile korongo la udongo mwekundu na mweupe ambalo wageni huliita jiko la shetani. Baiskeli inabaki juu. Kingo zake ni udongo mwepesi unaomomonyoka kila masika, usikaribie kwa magurudumu hata kwa picha. Kiingilio hulipwa hapo hapo.

Mto wenyewe usiuvuke kwa miguu hata ukionekana umekauka. Sabaki ina mamba na viboko. Daraja lipo.

Msitu wa Arabuko-Sokoke unaruhusu baiskeli?

Ndiyo, lakini ingia kwa lango la Gede, ulipe, uulize njia zilizo wazi siku hiyo, na uchukue mwongoza njia. Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake mna ndovu. Ndovu haogopi kengele ya baiskeli.

Kwa mwendeshaji, msitu huu ni somo la udongo. Penye miti ya mirihi, chini ni mchanga mweupe, mlaini, wa kuchosha. Ukielekea magharibi udongo unageuka mwekundu, vichaka vinabana, na ardhi ni ngumu na ya haraka. Panga nguvu zako: anayezimaliza kwenye mirihi anafika penye raha akiwa hoi.

Na ufuoni?

Inawezekana, na ni tamu, maji yakiwa yamekupwa. Mchanga wa ghuba yetu, uliochanganyika na udongo wa Sabaki, ukiloa unashikana vizuri. Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji yanapokwenda mbali zaidi. Siku za maji mafu ufuo mgumu ni mwembamba. Maji huchelewa kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Wavuvi wanajua bila kutazama simu, waulize.

Lakini nakuambia kama ninavyomwambia mdogo wangu: kwa hilo tafuta baiskeli ya pili, kuukuu. Sababu iko kwenye swali la chumvi.

Naweza kwenda Lamu kwa baiskeli?

Kisiwani, ndiyo. Njiani, sikushauri. Barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe imewahi kuwa na mashambulizi, na mtu peke yake kwa baiskeli hana cha kujitetea. Weka baiskeli juu ya basi, Mokowe uvuke kwa boti.

Mji Mkongwe wenyewe si wa kuendesha. Vichochoro ni vyembamba, punda ana haki ya kwanza, na mzee aliyekaa barazani hana sababu ya kukunja miguu kwa ajili yako. Kokota. Raha iko nje ya mji, kwenye vijia vya kwenda Matondoni wanakounda majahazi, na Kipungani. Ni mchanga mtupu. Psi 16, tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu.

Masika nifanyeje?

Mchanga wa pwani baada ya mvua ni neema. Tope jeusi la mabondeni ni laana: linajaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma, na ukilazimisha unavunja kibadilisha gia cha nyuma. Beba baiskeli begani, au rudi.

## Watu wa njiani

Vijia vya mashamba ni vya nani? Napita tu?

Ni vya wenye boma. Kijia unachokiona kwenye simu kinapita mbele ya jiko la mtu. Punguza mwendo, salimia, na ukikuta mzee, shuka. "Shikamoo mzee, naomba njia" imenifungulia vijia ambavyo haviko kwenye ramani yoyote, na mara mbili muhogo wa kuchoma. Usimpite mtu kwa nyuma kimya. Penye mbuzi, tembea. Penye msiba, shuka, vua helmeti, kokota hadi upite.

Mimi ni mwanamke, navaa buibui. Itawezekana?

Wapo wanaofanya hivyo. Shida ni pindo na cheni, na pindo na meno ya tairi. Dada zetu wengi huvaa suruali pana na kanzu fupi inayoishia magotini, na mtandio uliobanwa ndani ya helmeti. Sproketi ya mbele iwekewe kinga. Kiti cha resa yako huenda kisikufae ukikaa wima zaidi. Jaribu kilicho kipana kidogo nyuma.

Na nikiwa nimefunga?

Saa ya mwisho kabla ya magharibi, polepole, karibu na nyumbani. Au baada ya taraweh kwa taa. Mchana wa jua la Malindi bila maji sikuruhusu, na siku za kawaida, beba angalau lita moja na nusu kwa saa mbili.

## Matunzo

Chumvi inakula baiskeli. Nifanye nini?

Ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, siku ile ile. Hapa kuna mtego: maji ya visima vingi vyetu yana chumvi pia. Tumia ya mfereji au ya mvua. Mimina taratibu, usipige kwa mashine ya kuoshea magari, inasukuma maji ndani ya beringi. Futa, kausha kivulini, tia mafuta. Mara mbili kwa mwaka vuta nguzo ya kiti, ipake grisi, irudishe. Kazi ya dakika tano hiyo ndiyo inayotofautisha baiskeli ya kuuzika na ile ya kwenye swali la mtumba.

Mafuta gani ya cheni?

Mepesi, yale ya kuendeshea penye ukavu, au nta. Oili ya injini inanasa mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Tia tone kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa yote ya nje. Cheni inayong'aa kwa mafuta ni cheni iliyotiwa vibaya.

Fundi wangu wa mtaani ataiweza?

Spoki, tairi, beringi za habu za kawaida, cheni, waya: ataweza, na pengine kuliko duka la mjini. Fundi aliyezoea kunyoosha rimu za baiskeli za mizigo ana mkono ambao hununui. Shoki na breki za mafuta, muulize kwanza kama ameshafungua. Akisema "tutajaribu," mwombe akuzibie pancha tu.

Sasa niiuze resa?

Ngoja mwaka. Mimi yangu ipo. Kaskazi ikianza Desemba, naitoa alfajiri, naenda nayo Gede upepo ukinisukuma mgongoni, kisha narudi nikiupokea usoni na kujilaumu kwa nini sikuichukua mauntini.